Kisesa, Mahali Umati Unapohukumu Ngoma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaipita Igoma, muda si mrefu unaingia Kisesa. Pembeni, kwenye mwinuko wa mawe makubwa yanayofanana na yale ya ufukwe wa ziwa, ipo Bujora, kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji. Wageni hupelekwa pale kuona makumbusho ya Wasukuma: viti vya watemi, mikuki, vyungu, nyumba ya ngoma za kale. Vyote hivyo vinastahili kuonwa. Lakini kwa maoni yangu hazina kubwa zaidi ya mahali hapa haiwezi kufungiwa kabatini, kwa sababu ni kanuni, na kanuni yenyewe ni ya mashindano.

Makundi mawili ya ngoma hucheza karibu karibu, kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na wapigaji wake, manju wake na wachezaji wake. Hayapokezani zamu. Watazamaji hawana tiketi wala viti. Wanasimama, wanasikiliza, wanakwenda wanakovutwa. Kundi hili likichangamka, watu wanalijaza. Lile likizidisha, watu wale wale wanageuka na kuhamia kule. Mwisho wa yote, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda, na hakuna wa kubisha maana kila mtu ameona kwa macho yake.

Tafakari kanuni hiyo ina maana gani kwa mpiga ngoma. Mdundo wa mpinzani unamwingia masikioni muda wote, na una kasi yake na mahali pake pa kuanguka. Akiufuata bila kujua, wachezaji wake mwenyewe wanapotea. Akiingiwa na hofu akaongeza kasi, wanaishiwa pumzi kabla ya jua kupinda. Analazimika kukaa ndani ya mdundo wake, autulize, auzungushe, huku akiangalia migongo ya watu wanaoondoka. Sijui mtihani mgumu kuliko huo kwa mtu aliyeshika vijiti viwili.

Kanuni hii ina historia. Wasukuma wanaifikisha kwa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji mashuhuri. Walishindana kwa ngoma ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na tangu hapo vikundi vya ngoma vya Usukuma vimejipanga katika pande hizo mbili. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na pande zote, hata ukoo mmoja. Tangu hapo hadi leo, manju wa upande huu hutunga nyimbo za kumkejeli manju wa upande ule, na kejeli hizo ni sehemu ya raha.

Dawa iliyotafutwa zaidi na vikundi hivi ilikuwa ya mvuto, ile wanayoiita samba. Mtu anaweza kuwa na imani yake kuhusu dawa hizo, nami sitaki kumbadilisha. Ninachokitazama ni kile kilichotafutwa. Hazikuwa dawa za kumlainisha hakimu wala za kuhesabiwa alama. Zilikuwa za kuwafanya watu waje na wasiondoke. Ina maana kwamba zaidi ya karne moja iliyopita, kwenye ardhi hii ya mawe na mtama, watu walikwisha kukubaliana kwamba ngoma nzuri ni ile inayohamisha miguu ya asiyeicheza.

Vyanzo vya ngoma zenyewe ni vingi. Zipo za Bayeye, wataalamu wa nyoka, wanaocheza na chatu mkubwa mikononi na shingoni. Zipo za Banunguli, wawindaji wa nungunungu. Wapagazi wa misafara nao, Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi waliobeba pembe hadi pwani na kurudi, walitembea kwa ngoma na nyimbo. Kila chama cha kazi kilikuwa na siri zake, dawa zake na midundo yake. Lakini iliyofika mbali kuliko zote ni ngoma ya jembe, bugobogobo.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali ambalo vijana wengi wa muziki huuliza: ule uzito wa mdundo wa Kisukuma unatoka wapi, na kwa nini ukiuandika kwa usahihi karatasini na kuupiga kama ulivyoandikwa bado unasikika mkavu?

Usukuma ilikuwa na chama cha vijana cha kijiji, basumba, chenye kiongozi wake, nsumba ntale. Mwenye shamba aliwaita, wakaja kwa pamoja, wakalima kwa mstari, na malipo yakawa chakula au ng'ombe au fedha za kikundi. Mstari wa watu wengi wenye majembe hauwezi kwenda bila kitu cha kuushika pamoja, na kitu hicho kilikuwa ngoma na wimbo. Sasa angalia jembe linavyofanya kazi. Linapanda polepole, kwa nguvu ya mabega. Juu kabisa linasita. Kisha linashuka kwa haraka, kwa uzito wake lenyewe, linagonga udongo, na mkono unalivuta nyuma. Nafasi kati ya kupanda na kushuka hazilingani kama za saa ya ukutani. Mpiga ngoma anayewapigia wakulima anafuata mwili huo: anachelewa pale jembe linaposita, anatua pale linapotua. Hiyo ndiyo ladha ambayo karatasi haiipati. Aliyekulia mashambani anayo tayari mabegani kabla hajashika kijiti. Asiyewahi kulima anaweza kujifunza, sisemi haiwezekani, ila itambidi ajifunze kwa mwili, na mwalimu wake wa kwanza atakuwa mchezaji anayerusha jembe hewani na kulidaka bila kupoteza hatua.

Kilimo cha pamba kiliipanua ngoma hii kuliko wengi wanavyokumbuka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pamba ilitapakaa Usukuma, na wakulima, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, wakajenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika wakati ule. Mashamba makubwa yalihitaji mistari mirefu ya majembe. Pamba ikishauzwa, miezi ya kiangazi, mfukoni mlikuwa na fedha na shambani hapakuwa na kazi ya haraka. Ndio ulikuwa msimu wa mbina, mashindano yenyewe. Kikundi kilicholima pamoja masika kilicheza pamoja kiangazi, kwa midundo ile ile, safari hii mbele ya umati na mpinzani.

Ngoma za watemi zilikuwa jambo jingine. Hizo hazikuwa za kushindaniwa. Zilipigwa wakati wa kumsimika mtemi, kuita watu, kutangaza msiba, na zilikaa kwake kama sehemu ya utemi wenyewe. Tanganyika huru ilipofuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, ngoma hizo zilipoteza kazi kwa siku moja. Baadhi zilibaki katika koo. Nyingine zimehifadhiwa Bujora, na kwa hilo tunamshukuru zaidi Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeanza kazi hapo katika miaka ya 1950.

Wamisionari wa shirika lake walikuwa wamefika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tangu 1883, na kwa miongo mingi wengi wa wahubiri wa Kikristo waliiona ngoma kuwa upagani tu. Clement alishika njia tofauti. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa sura ya nyumba ya Kisukuma, likapambwa kwa alama za utemi, ili Kristo aonekane kama mtemi mbele ya watu waliojua mtemi ni nani. Sikukuu ya Ekaristi, ambayo kwa kawaida huangukia Juni, ikaunganishwa na msimu wa ngoma. Ndiyo Bulabo: maandamano ya ibada kwanza, kisha Bagika na Bagalu uwanjani, kwa siku kadhaa. Wapo wanaosema kwamba ngoma iliyopitia kanisani si ya asili tena. Siwaungi mkono. Clement angeweza kuwapanga wachezaji mbele ya madhabahu, wacheze kwa adabu na wapigiwe makofi. Bulabo iliuacha uwanja na pande zake mbili, na umati na uhuru wake. Kilicho cha asili katika mbina kilipita salama.

Nina wasiwasi zaidi na jukwaa. Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni na kusikitika kwamba vijana walifundishwa kucheza dansi za kigeni wasijue za kwao. Kikundi cha Taifa cha ngoma kikaundwa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Bugobogobo ikawa ngoma ya Watanzania wote. Mmakonde na Mpemba wameicheza, watoto wa shule wameicheza mbele ya mabalozi. Ni sifa kubwa kwa Usukuma, na wapigaji wa vikundi hivyo wengi wao ni mafundi kweli. Ila jukwaani ngoma ya kutwa nzima inapewa dakika kumi, watazamaji wamekaa, mgeni rasmi mbele yao, na hakuna ngoma nyingine inayovuma mita hamsini kando. Mpigaji hana anayemtishia. Mdundo unanyooka, unaongezwa kasi ili upendeze upesi, na kule kusita kwa jembe juu ya bega kunapotea, kwa kuwa hakuna tena sababu ya kumfanya mtu asubiri.

Mwanza mjini, wakati huohuo, inayo namna nyingine ya kuukamata umati. Jumamosi za harusi utasikia matarumbeta yakipita Kirumba au Nyamanoro: vijana nyuma ya pikapu, tarumbeta kadhaa, ngoma kubwa ya kifuani, na kigoma kidogo chenye nyuzi za chuma chini, kile kinachochachatika. Nyuma yao akina mama na shangazi wanacheza barabarani, watoto wasiohusika na harusi wanajiunga, bodaboda zinapunguza mwendo. Nasaba ya muziki huu inapitia beni, ngoma ya pwani iliyochukua bendi za kijeshi za kikoloni tangu miaka ya 1890 na kusambaa bara na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Beni nayo ilikuwa na pande mbili zinazochuana, Marini na Arinoti, ingawa huko ushindi ulitafutwa zaidi kwa fahari na gharama.

Umati wa namna hiyo una mfano wake ng'ambo ya bahari: New Orleans huko Marekani, watu weusi wana desturi iitwayo second line. Vyama vya kusaidiana na kuzikana, vilivyokua baada ya utumwa kufutwa, huandamana mitaani na bendi ya tarumbeta, hasa Jumapili. Bendi na wanachama ni mstari wa kwanza, na wapita njia wanaofuata nyuma wakicheza ndio mstari wa pili. Kigoma chenye nyuzi ndicho kinachoipa bendi mwendo wake, na wapigaji wa huko hubishana miaka nenda rudi juu ya ladha yake, maana midundo yake inakaa katikati ya kunyooka na kuyumba kwa namna isiyoandikika. Mafundi wao husema ladha hiyo inatoka mtaani, kwa kuutembeza umati kwa saa kadhaa. Mtu wa Kisesa hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Tofauti ni kwamba kule umati unafuata bendi moja, na huku Usukuma umati unachagua kati ya makundi mawili.

Kuchagua huko ndiko ninakokuona kuwa hatarini. Shughuli nyingi za utamaduni siku hizi zinapangwa kwa zamu: kikundi kinaitwa kwa kipaza sauti, kinacheza mbele ya meza kuu, kinashuka, kinaitwa kingine. Spika zinafunika ngoma ya mti na ngozi, hivyo hata makundi mawili yakiwekwa pamoja umati hausikii tofauti yao, unasikia mashine. Anayepanga hivyo hana nia mbaya. Anataka utaratibu, na anataka kila kikundi kipate heshima sawa. Lakini mbina haikujengwa juu ya heshima sawa. Ilijengwa juu ya hatari ya kuachwa.

Mahitaji yake si ya gharama. Uwanja mpana usio na viti. Makundi mawili yanayosikiana. Muda wa kutosha ili watu waende, warudi, waende tena. Spika zizimwe. Nyumba ya ngoma Bujora ilindwe na kutunzwa, ndiyo, na rekodi zifanywe za ngoma nzima, si vipande vya dakika tatu. Lakini kijana wa miaka 15 anayeshika vijiti Kisesa leo atajifunza zaidi alasiri moja ya Bulabo, pale watu waliokuwa wamemzunguka wanapoanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea upande wa pili, naye inabidi aamue, papo hapo, kama aongeze kasi au atulie.