Kinda wa Cherero Anaanza Kula Mwenyewe Lini? Usimwachishe Uji kwa Kuangalia Kalenda

Umemchukua kinda wa cherero, wale kasuku wadogo wa rangi ambao wauzaji wengi huwaita 'love birds', na unamlisha uji kwa bomba la sindano. Muuzaji kakuambia akifika wiki 7 acha kumlisha, njaa itamfundisha. Ushauri huo umeua makinda wengi. Njaa haimfundishi kinda kula, inamnyima nguvu ya kujifunza.

Dalili kwamba yuko tayari

Akifika kama wiki 5 hadi 6 manyoya yanakuwa yamejaa, anaanza kupiga mabawa na kudonoa kila kitu. Hapo anza kumwekea chakula kigumu huku uji ukiendelea. Wengi hujitegemea kati ya wiki 7 na 9, wengine huchelewa kidogo, na siyo tatizo.

Mwanzo mpe nini?

Anza na vitu laini: mahindi mabichi yaliyochemshwa, viazi vitamu vilivyopondwa, yai la kuchemsha, karoti iliyokunwa na mchicha uliooshwa vizuri. Pembeni weka uwele au ulezi, ukipata shuke zima ni bora zaidi maana anadonoa huku anacheza. Tumia sahani ya chini, na maji safi yawepo muda wote. Vyakula laini viondoe baada ya saa 2 au 3, kwenye joto vinachacha haraka.

Parachichi, chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi usimpe kabisa. Parachichi ni sumu kwa ndege.

Punguza uji hatua kwa hatua

1. Ondoa kwanza mlo wa mchana, maana ndio muda anaochangamka kudonoa.
2. Akizoea, punguza kiasi cha uji wa asubuhi, kisha uache.
3. Uji wa jioni uwe wa mwisho kuondoka. Usiku ni mrefu, asilale na njaa.

Uji uwe na nyuzijoto 39 hadi 41, upime kwa kipimajoto. Wa moto sana unaunguza gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, na wa baridi unakaa humo bila kushuka mpaka unachacha.

Hapa ndipo wengi hudanganyika

Unaona maganda ya mbegu yametapakaa chini, unasema "huyu anakula". Kumbe anamenya tu, hamezi! Kinda anaweza kushinda njaa huku sahani imejaa. Fanya hivi:

- Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kupungua kidogo anapoanza kuruka ni kawaida. Lakini kama alikuwa gramu 50 na sasa yuko chini ya 45, rudisha mlo uliouondoa.
- Jioni mguse gole taratibu. Likiwa tupu, mpe uji.
- Angalia kinyesi. Kikiwa kidogo sana na cha kijani kilichokolea, huenda haingizi kitu tumboni.

Akilia kuomba chakula mfululizo, mlishe. Hujamharibu wala hujamdekeza. Akilegea, akitapika au gole lisipopungua usiku kucha, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana ndege mdogo hana akiba ya kusubiri kesho.

Kama bado hujanunua

Muulize muuzaji swali moja: "Anakula mwenyewe?" Kisha subiri umwone kwa macho yako akimeza. Hakikisha pia amezaliwa kwa mfugaji mwenye kibali. Cherero wa Fischer ni ndege wa asili wa kaskazini mwa Tanzania, pande za Serengeti, na kinda wa porini hachukuliwi kiholela kwenye kiota.

Usiwe na haraka. Siku utakapomletea uji akaugeuzia kichwa na kurudi kwenye mtama wake, na uzito haujashuka, ujue amejiachisha mwenyewe.