Handaki la Chetambe: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Nafula ametoka Kakamega mjini na mchumba wake Wekesa kwenda Mumias, kumtambulisha kwa babu yake. Mzee aliposikia jina la Chetambe, akanyamaza. Sasa endelea...

Kimya kile kilidumu hadi chai ikafanya utando.

"Handaki lingaliko?" mzee aliuliza mwishowe.

"Liko, kuka," Wekesa alijibu, macho chini. "Ila mvua inateremsha udongo kila mwaka, linazidi kujaa. Mababu zetu Watachoni walilichimba kwa jasho. Udongo waliotoa ndio waliojengea ukuta, ndani wakakaa watu na ng'ombe wao."

"Lilizuia mikuki," mzee alisema. "Bunduki halikuziweza."

Akavuta pumzi.

"Mwaka wa 1895 Hobley, afisa wa Waingereza, alikwenda huko na askari wa Kisudani, Waganda na Wamaasai. Wakaivunja ngome ya Wabukusu ya Lumboka, kisha wakapanda Chetambe. Na sisi Wawanga tulikuwamo, mjukuu wangu. Mfalme wetu, Nabongo Mumia, alikuwa upande wa Waingereza."

Nafula alihisi koo limemkauka. Miaka sita anafundisha historia. Mara ngapi amechora ubaoni safu mbili, huku walioshirikiana na wakoloni, huku waliowapinga, kengele ikilia akafuta, wanafunzi wakaenda kula! Leo safu zile mbili zimeketi sebuleni, kiti kwa kiti, na mkono wake umo katika mkono wa Wekesa.

Mzee aliingia chumbani, akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Akalifungua polepole. Ndani mlikuwa na bangili ya pembe, ndogo, ya mkono wa mtoto.

"Baada ya vita waliletwa wanawake na watoto. Wengine walirudishwa kwao. Msichana mwenye bangili hii hakurudi. Alikulia hapa, akaolewa hapa, akamzaa baba yangu."

"Kukhu yako?" Nafula alinong'ona.

"Kukhu yangu. Kila jioni alitutajia ukoo wa baba yake, tusije tukaoa huko bila kujua. Damu ni damu, hata ikivuka handaki."

Mkono wa Nafula ukachomoka taratibu kutoka kwa Wekesa.

"Kijana wangu," mzee alisema, "ukoo wenu ni upi?"

Wekesa akautaja.

"Rudia."

Akarudia. Mzee akavua kofia, akaiweka magotini.

"Nafula, mpigie baba yako simu. Aje usiku huu huu, na asije peke yake."

Itaendelea Jumamosi ijayo.