Kalamu ya Mtafiti: Historia Fupi ya Nathari ya Kitaaluma na Mafunzo yake kwa Mwanafunzi wa Uzamifu

Utangulizi

Wapo wanafunzi wa uzamifu ambao Kiswahili ni lugha yao ya mama, walioifundisha kwa miaka mingi katika shule zetu za upili, na ambao ukiketi nao barazani watakufafanulia mada ya utafiti wao kwa ufasaha usio na dosari. Lakini waambie waandike sura ya kwanza ya tasnifu, na ufasaha ule hutoweka. Sentensi huwa ndefu bila sababu, hoja hukatika njiani, na msomaji asijue ni wapi anaposema mwandishi na ni wapi wanaposema wengine. Baadhi yao huvunjika moyo, wakakaa na mswada huo huo miaka nenda miaka rudi, hatimaye wakauacha.

Jambo hili aghalabu huelezwa kwa njia mbili. Wengine husema kuandika ni kipaji, na asiyejaliwa basi tena. Wengine husema ni upungufu wa sarufi, na dawa yake ni kuisoma sarufi upya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo yote mawili hayatoshi. Ukiitazama historia, utaona kwamba uandishi wa kitaaluma ni ufundi uliolelewa na asasi maalumu: semina, mapokezi ya wanazuoni, na majarida. Palipokuwa na malezi hayo kalamu ilinyooka. Yalipokosekana, hata mwenye lugha yake alikwama. Tutaichunguza hoja hii kwa mifano inayohusu Kiswahili chenyewe.

Udaktari na semina

Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, udaktari ulipatikana zaidi kwa ulimi kuliko kwa kalamu. Mtahiniwa alisimama mbele ya wanazuoni akaitetea hoja kwa mdomo. Udaktari tuujuao leo, wa kutafiti jambo jipya na kulieleza kwa maandishi, ulipata umbo lake katika vyuo vya Ujerumani, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kufunguliwa mwaka 1810. Kutoka huko ulienea: Yale, nchini Marekani, ilitoa shahada zake za kwanza za namna hiyo mwaka 1861, na Oxford ikaanza kuutoa mwaka 1917.

Watu wengi waliiga shahada na joho, wakasahau kilichoizaa. Mwaka 1812 ilianzishwa huko Berlin semina ya filolojia chini ya August Boeckh. Katika semina za aina hiyo wanafunzi wachache waliketi pamoja na mwalimu wao. Kila mmoja kwa zamu yake alileta kazi aliyoiandika, akaisoma, na wenzake wakaipekua: ushahidi huu umetoka wapi, neno hili lina maana gani, hitimisho hili linafuata vipi? Kwa hiyo mwanafunzi alipofika kwenye tasnifu, alikuwa amekwisha kuandika na kukosolewa mara nyingi. Tasnifu haikuwa insha yake ya kwanza bali ilikuwa tunda la mazoezi. Sisi tuliirithi tasnifu, lakini mara nyingi tuliyaacha mazoezi nyuma.

Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mji huo huo wa Berlin unahusika na historia ya nathari yetu. Mwaka 1887 ilianzishwa huko Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeanza kutawala Afrika ya Mashariki. Mmoja wa waliopelekwa kukifundisha ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900.

Mwaka 1903 kilichapishwa huko Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Humo mna habari za uzazi, malezi, jando, ndoa, ngoma, kilimo, madeni, sheria na mazishi. Walichangia watu kadha wa kadha, lakini sehemu kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro. Msomaji wa leo hukutana na nathari iliyo wazi kabisa. Mwandishi hueleza jambo kwa mpangilio wa utendekaji wake, hataji kitu kabla ya kukitayarishia mahali, na haongezi neno kwa ajili ya kujionyesha. Hiyo ni nathari ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya kuwapo kwa idara yoyote ya Kiswahili katika vyuo vyetu. Anayedai kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi tu, isiyozoea kueleza mambo kwa nathari, hajakisoma kitabu hicho.

Lakini jina lililowekwa kwenye jalada ni la Carl Velten, mhariri wake Mjerumani. Mtoro mwenyewe hakufaidi heshima ya kazi yake. Alioa mke wa Kijerumani, na alipotaka kurudi nyumbani pamoja naye mwaka 1905, wakuu wa koloni waliwazuia kushuka pwani. Ikambidi arejee Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Ilimchukua mpaka mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka, ndipo jina la Mtoro likawekwa mbele kama mwandishi. Hiyo ni miaka 78.

Tunaleta kisa hiki kwa makusudi. Wanafunzi wetu wengi huona kutaja chanzo ni adabu ya kigeni, utaratibu wa mabano na tarakimu uliowekwa kuwasumbua. Kisa cha Mtoro chatufundisha kwamba ni suala la haki. Mzee wa Pate au wa Vanga aliyemsimulia mtafiti habari, kisha akaandikwa kama “mhojiwa mmoja” huku hoja yake ikitolewa kama ya mtafiti, ametendewa alivyotendewa Mtoro. Tofauti ni kwamba safari hii mtendaji ni sisi. Mzee akiomba jina lake lisitajwe, na astahiwe. Lakini hata hapo hoja ibaki kuwa yake, wala isihamishwe kimyakimya.

Mapokezi ya Muyaka

Wala si kweli kwamba adabu hiyo ililetwa na wageni. Wanazuoni wa pwani waliosoma hadithi za Mtume walijua isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi: fulani kasema, aliyepokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Neno lisilo na mlolongo lilitiliwa shaka, na mpokezi asiyeaminika aliudhoofisha mlolongo mzima. Hivyo mwanafunzi aliyepitia chuoni na darsani ana msingi wa utafiti, hata kama hakuambiwa hivyo.

Tazama mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19. Muyaka hakutuachia diwani. Tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikafika London. Kutoka humo William Hichens akatoa diwani iliyochapishwa mwaka 1940. Baadaye Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mwaka 1979, akiyarejelea mashairi hayo pamoja na mazingira ya siasa na jamii yaliyoyazaa.

Mwanafunzi anayeandika “Muyaka asema” akanukuu beti, anaruka watu wanne. Je, neno hilo ni la Muyaka, au ni la Sikujua akikumbuka, au ni la Taylor akinakili, au ni la Hichens akisahihisha? Si lazima kila ukurasa ujibu swali hilo, lakini mtafiti yampasa alijue, na pale hoja yake inapoegemea neno moja, hana budi kuliuliza hadharani. Kuandika kitaaluma ni kumwonyesha msomaji umbali uliopo kati ya jambo lenyewe na macho yetu.

Kamati, istilahi na mipaka yake

Karne ya 20 ilileta malezi ya namna nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki. Malalamiko ya wenye lahaja nyingine, hasa Kimvita, juu ya uchaguzi ule yangali yasikika hata leo, na yana uzito wake. Hata hivyo kamati ile ilikuwa na jarida lake, na jarida ni semina iliyopanuliwa: mtu hutoa hoja, mwingine humjibu. Mwaka 1964 kazi ya kamati ilirithiwa na chuo cha uchunguzi huko Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikaanzishwa idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha huko, iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi aliwasilisha humo tasnifu ya uzamili juu ya ushairi wa Shaaban Robert, iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Huku kwetu Kenya, Kiswahili kilianza kutahiniwa kwa lazima kufuatia mfumo wa elimu wa mwaka 1985, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Idara zetu hupokea tasnifu za Kiswahili katika uzamili na uzamifu. Istilahi nazo zimepatikana: fonimu, mofimu, kiima, kiarifu, tamathali, usimulizi. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 ilisaidia sana.

Lakini istilahi ni matofali, na matofali si nyumba. Hapa ndipo tunapoona udhaifu mkubwa wa tasnifu zetu. Mwandishi ana istilahi zote, ila sentensi ameijenga kwa mtindo wa Kiingereza. Chukua sentensi hii, ambayo tumeitunga kwa mfano wa nyingi tulizozisoma: “Kuna uhitaji wa kuwepo kwa ufanyikaji wa uchunguzi zaidi kuhusiana na suala la matumizi ya lahaja.” Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini hakuna anayetenda. Kitenzi, ambacho ndicho moyo wa sentensi ya Kiswahili, kimegandishwa kuwa nomino mara nne. Mswahili angesema: “Bado hatujachunguza vya kutosha jinsi lahaja zinavyotumika.” Kitenzi kimoja, “hatujachunguza”, kimebeba watendaji, ukanushi, wakati na tendo. Lugha iliyojaliwa kitenzi chenye nguvu kiasi hicho haina haja ya kuazima mzigo wa nomino.

Alama katika ukingo wa karatasi

Mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama hiyo. Alipokuwa ng’ambo akisomea shahada ya uzamili, alimpelekea msimamizi wake sura ya kurasa thelathini aliyoiona kuwa kamilifu. Ilirudi bila sahihisho la sarufi hata moja. Katika ukingo wa ukurasa wa pili, wa tisa na wa ishirini na moja paliandikwa swali lile lile: ni nani anayesema hapa? Ilichukua wiki nzima kulielewa. Sura nzima ilikuwa mkusanyiko wa kauli za mabingwa zilizoshonwa pamoja, na mwandishi mwenyewe hakuwamo. Aliporudi Nairobi na kuanza kuandika kwa Kiswahili, alidhani tatizo lingekwisha kwa sababu lugha ni yake. Halikwisha. Alijikuta anafikiri kwa Kiingereza, kisha anafasiri. Kilichomwokoa ni wenzake wawili waliokubali kukutana kila Ijumaa ya pili, kila mmoja akija na kurasa tano na kuzisoma kwa sauti. Sikio lilizigundua sentensi ambazo jicho lilikuwa limezisamehe.

Hitimisho

Kutokana na historia hii twaweza kupendekeza mambo machache. Kwanza, mwanafunzi wa uzamifu asingoje utafiti ukamilike ndipo aandike. Aandike kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza, kwani haba na haba hujaza kibaba. Pili, idara zirudishe semina kwa maana yake ya asili, si kikao cha kupitisha pendekezo tu, bali mahali pa kupekua kurasa chache mara kwa mara. Tatu, mwanafunzi asome nathari ya Kiswahili, kuanzia Mtoro hadi majarida yetu, ili sikio lake lipate kipimo kisicho cha kuazima. Nne, aandike hoja yake mwenyewe kwa sentensi moja kabla ya kila sura, na kila aya aipime kwa sentensi hiyo. Tano, amtaje kila aliyempa neno, awe bingwa wa chuo kikuu au mvuvi wa Wasini, isipokuwa mwenyewe akikataa.

Na wasimamizi nao wajihoji. Mwanafunzi anaporejeshewa mswada baada ya mwaka mzima na neno moja tu, “rekebisha”, hajafundishwa kitu. Mtoro alikuwa na kalamu na hakupewa jina. Wanafunzi wetu wana jina kwenye jalada, na jukumu letu ni kuwasaidia kuipata kalamu.