Kamera Yetu, Betri Yao: Historia Fupi ya Utegemezi Unaoenea Kiganjani

Tunapojadili utegemezi wa kiteknolojia, aghalabu tunazungumzia mambo makubwa: satelaiti, mitambo ya kufua umeme, mifumo ya malipo ya serikali. Leo naomba, ndugu msomaji, tukitazame kitu kinachoenea kiganjani, yaani betri ya kamera ya kidijitali. Nimekichagua kwa sababu kinajibu swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara: inakuwaje mtu anunue chombo kwa fedha yake halali, kisha uhai wa chombo hicho ubaki mikononi mwa aliyekiuza? Hoja yangu ni kwamba hali hii haikuletwa na sayansi. Ililetwa na maamuzi ya kibiashara yenye tarehe, na maamuzi yenye tarehe yanaweza kubadilishwa.

Historia hii inaanza kabla ya umeme kuingia katika kamera. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliingiza sokoni kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa tayari na mkanda wa picha 100. Picha zilipokwisha, mwenye kamera aliirudisha nzima kiwandani Rochester, akalipa dola 10, mkanda ukasafishwa, picha zikachapwa na mkanda mpya ukawekwa. Wazo hilo lilirahisisha upigaji picha kwa watu wa kawaida. Lakini lilikuwa na maana nyingine: mnunuzi alikuwa amefunga ndoa na kiwanda. Faida ya kampuni ilitokana na kifaa na, zaidi ya hapo, na kile ambacho kifaa kilihitaji kila siku.

Kilichotokea baadaye ndicho tunachopaswa kukikumbuka. Mwaka 1934 Kodak ileile ilianzisha kikebe cha filamu ya milimita 35, kinachojulikana kwa namba 135. Kikebe hicho kikakubaliwa na watengenezaji karibu wote. Leica ya Ujerumani, Nikon na Canon za Japani na Zenit ya Kisovieti zote zilimeza filamu ya umbo hilohilo. Mpiga picha aliweza kununua kamera ya kampuni moja, filamu ya kampuni ya pili, na kuisafisha kwa dawa za kampuni ya tatu. Kampuni zilishindana kwa ubora na bei, siyo kwa kumfungia mteja mlango. Na zile kamera zilizoendeshwa kwa springi na gia, kama Pentax K1000 iliyotoka mwaka 1976, zilihitaji betri ndogo kwa ajili ya kupimia mwanga tu. Betri ikifa, kamera iliendelea kupiga picha. Nyingi kati ya hizo zinafanya kazi hadi leo.

Kamera za kidijitali zilipoingia katika soko la watu wa kawaida miaka ya 1990, hazikuuacha utaratibu huo mara moja. Casio QV-10 ya mwaka 1995 ilitumia betri nne za AA, zilezile tunazoweka katika saa za ukutani na rimoti. Umbo la AA liliwekewa kiwango rasmi Marekani mwaka 1947, nalo linajulikana duniani kote: kipenyo cha takriban milimita 14.5 na urefu wa milimita 50.5. Hata mwaka 2009 Pentax ilitoa kamera ya kubadilisha lenzi, K-x, iliyotumia betri nne za AA. Aliyeishiwa chaji akiwa mbali na mji aliweza kuingia katika duka la kijiji na kuendelea na kazi.

Hata hivyo, haki itendeke. Betri za lithiamu zilizowekwa sokoni na Sony mwaka 1991 ni bora kwa kazi hii. Zinabeba nishati nyingi kwa uzito mdogo na hukaa na chaji kwa muda mrefu. Waliozigundua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walistahili Tuzo ya Nobel ya Kemia waliyopewa mwaka 2019. Malalamiko yangu hayahusu kemia. Yanahusu umbo na kufuli. Seli ya lithiamu nayo inaweza kuwa na kiwango cha pamoja: ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, imetumika katika kompyuta za mkononi, tochi na mashine nyingi za makampuni tofauti. Watengenezaji wa kamera walichagua njia nyingine. Kila mmoja alibuni kibweta chake, vijino vyake vya chuma na chaja yake.

Mfano mmoja unatosha. Katika kamera za Canon za bei nafuu, 300D ya mwaka 2003 ilitumia betri ya BP-511; 350D ya 2005 ikatumia NB-2LH; 450D ya 2008 ikatumia LP-E5; 550D ya 2010 ikatumia LP-E8; 1100D ya 2011 ikatumia LP-E10; na 750D ya 2015 ikatumia LP-E17. Hizo ni betri sita zisizoingiliana katika miaka 12. Kampuni hiyohiyo, kwa wateja wa kamera za bei ya juu, ilitoa LP-E6 mwaka 2008 pamoja na 5D Mark II, na umbo hilo limeendelea kutumika hata katika kamera za R5 na R6 za mwaka 2020, huku uwezo wake ukiongezwa kutoka milliampea-saa 1800 hadi 2130. Kwa hiyo uthabiti ulikuwa unawezekana, na betri iliweza kuboreshwa bila kubadilishwa umbo. Aliyeupata uthabiti huo ni mwenye uwezo. Mwanafunzi na mpiga picha mdogo wa mtaani, waliolazimika kuanza na kamera ya bei nafuu, ndio waliokuta betri na chaja zao haziingii katika kamera iliyofuata.

Baada ya umbo likaja kufuli. Mwaka 2009 Panasonic ilitoa programu mpya kwa baadhi ya kamera zake za Lumix, ambayo ilizitambua betri zisizo za kampuni hiyo na kuzikataa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, nayo ni sababu yenye uzito: betri ya lithiamu iliyotengenezwa vibaya inaweza kuvimba, kuwaka au kulipuka. Bidhaa feki zipo, na hakuna anayepaswa kuzitetea. Lakini historia inatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ilirudisha kiwandani betri milioni 4.1 za kompyuta kwa hofu ya moto, na seli zake zilitengenezwa na Sony, kampuni iliyoanzisha biashara hiyo. Mwaka 2012 Nikon nayo iliita irudishwe sehemu ya betri zake halisi za EN-EL15. Jina la kampuni, basi, si kinga dhidi ya moto. Kinachomlinda mtumiaji ni kipimo cha ubora kinachokaguliwa na chombo huru, ambacho betri ya kampuni yoyote inaweza kukifikia au kukikosa.

Sasa tuje kwenye gharama. Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Inazeeka kwa kutumiwa: baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 hivi, uwezo wake hupungua kwa kiasi kinachoonekana. Inazeeka pia kwa kukaa tu, hasa ikiwa imejaa chaji mahali penye joto. Hivyo aishiye Dar es Salaam au Mombasa hawezi kujiokoa kwa kununua betri kumi na kuzifungia kabatini. Tuchukulie kamera inayotumika miaka 12, inayohitaji betri mbili, na kila betri inadumu miaka minne. Moja imekuja na kamera; zilizobaki tano zinanunuliwa. Kwa bei ya takriban dola 80, ambayo ni ya kawaida kwa betri halisi ya kamera nzuri, hizo ni dola 400, kabla ya usafirishaji na ushuru. Nayo ni hesabu ya matumaini, kwa kuwa inadhani betri hiyo bado itakuwa inatengenezwa katika mwaka wa nane.

Katika idara ninayofundisha tulikuwa na kamera mbili za kurekodi simulizi za wazee. Baada ya miaka saba lenzi zilikuwa safi na vitufe vyote vilifanya kazi, lakini betri zote nne hazikumaliza mahojiano ya nusu saa. Muuzaji alitujibu kwamba betri za aina hiyo hazipatikani tena, akatushauri tununue kamera mpya. Kikao cha bajeti kikaahirisha ununuzi kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo wawili kati ya wazee tuliokuwa tumewaorodhesha walifariki dunia, na waliyoyajua hayakurekodiwa. Hasara ya namna hiyo haimo katika jedwali lolote la manunuzi.

Kuna upande mwingine unaotuhusu wasemaji wa Kiswahili. Goodenough alionyesha mwaka 1980 kwamba kobalti inafaa sana katika betri za lithiamu, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya migodini. Kila betri inayotupwa kwa sababu ya umbo lake ni udongo uliochimbwa na mikono ya jirani zetu, wengine kwa sururu na bila kinga. Kisha unaturudia kama bidhaa ya dola 80.

Wenzetu wameanza kuchukua hatua. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Inataka pia zipatikane kama vipuri kwa angalau miaka mitano baada ya kifaa cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni, kwa bei ya haki, na inakataza programu kutumiwa kuzuia betri nyingine inayofaa. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini inathibitisha kwamba jambo hili linaweza kutungiwa sheria bila viwanda kufa.

Kwa watumishi wa umma, hasa maofisa ugavi, hatua ya kwanza haihitaji Bunge. Zabuni ya kamera iulize mambo manne: betri inagharimu kiasi gani, imekuwapo sokoni tangu lini, inaingia katika kamera ngapi nyingine, na muuzaji anaahidi kuileta kwa miaka mingapi. Bei ya kamera ijumlishwe na bei ya betri za maisha yake yote, ndipo zabuni zilinganishwe. Kwa wanaharakati wa haki za walaji, mashirika ya viwango ya nchi zetu yaombwe kipimo cha usalama wa betri kitakachomtofautisha mtengenezaji huru mwenye bidhaa bora na mfanyabiashara wa bidhaa feki. Na kwa wanafunzi wanaojichangia kununua kamera ya mtumba: kabla ya kuitazama lenzi, fungueni mlango wa betri, someni namba iliyoandikwa humo, kisha ulizeni madukani kama bado inauzwa.