Siku ya mechi ya watoto: familia ile nini uwanjani?

Msimu wa UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ukifika, watoto wa Pangani, Mkinga, Muheza na wilaya nyingine za Tanga hushinda uwanjani juani. Hali ni hiyo hiyo kwenye mabonanza na mechi za ndondo za vijijini. Mtoto aliyeondoka nyumbani na chai ya rangi na andazi moja huishiwa nguvu mapema, na anaweza hata kuanguka.

Chakula kinachomfaa mara nyingi kipo shambani au sokoni.

Kabla ya mechi

Mpe mtoto mlo kamili masaa mawili au matatu kabla ya kucheza: muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, ugali au wali, pamoja na maharage, mbaazi au dagaa. Muhogo wa kukaanga, viazi karai na bajia si vyakula vya dakika za mwisho. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu na mtoto hucheza akiwa mzito. Ikiwa muda umebaki mdogo, ndizi mbivu moja inatosha.

Mpe pia chungwa. Vitamini C iliyomo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Madini hayo huzuia upungufu wa damu, na wasichana waliokwisha kuvunja ungo huyahitaji zaidi. Chai hufanya kinyume chake, hivyo inywewe mbali na mlo.

Wakati wa mchezo

Kinywaji cha kwanza ni maji safi na salama. Mtoto anywe mafunda kadhaa kila baada ya dakika 15 hadi 20, asisubiri kiu. Mapumziko yakifika, vipande vya chungwa au tikiti vinafaa.

Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai 8 au 9. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi kwa watoto, kwani vina kafeini inayoenda mbio na moyo. Usimpe mtoto hata kama wenzake wanakunywa.

Baada ya mechi

Mwili unahitaji kurudisha maji na kujenga misuli. Dafu, maziwa mtindi, yai la kuchemsha, au wali na samaki vyote vinafaa. Mtoto anayefunga Ramadhani ni vyema mazoezi yake yasogezwe hadi baada ya kufuturu.

Usafi wa chakula

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya masaa mawili bila kuwekwa kwenye moto au baridi. Pilau iliyofungwa alfajiri na kuliwa alasiri inaweza kuleta kuhara. Ukinunua pembeni ya uwanja, chagua kinachotoka jikoni kikiwa cha moto. Epuka kachumbari iliyokatwa zamani na barafu usiyojua maji yake yametoka wapi. Chemsha maji ya kunywa tangu jana yake, uyabebe kwenye chombo chenye mfuniko. Beba na sabuni.

Wazazi mkishirikiana

Si lazima kila nyumba ibebe kila kitu. Mmoja alete ndoo ya maji yenye koki, mwingine machungwa, mwingine karanga au viazi vitamu. Wadogo zao na mabibi wanaokuja kushangilia watakula hapo hapo, na hela ya soda itabaki mfukoni.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza na mkojo wa njano nzito huonyesha kwamba mwili umepungukiwa maji au umezidiwa na joto. Mtoe mtoto uwanjani, mweke kivulini na umpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo au akizimia, usimnyweshe kitu, maana anaweza kupaliwa. Mlaze ubavu, mpoze kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji, na mkimbize zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mechi inaweza kusubiri.