Kutoka Mizani ya Njaa hadi Kipimo cha Mafuta: Historia ya Upimaji wa Miili katika Nyanda za Njombe

Igwachanya, makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, iko katika eneo ambalo historia yake ya afya haiwezi kuelezwa bila kutaja mizani. Kabla ya mwaka 2012, wilaya hii ilipomegwa kutoka Wilaya ya Njombe na Mkoa wa Njombe ulipotengwa na Iringa, vijiji vyake vilikuwa sehemu ya mkoa ambao miaka ya 1980 uliifundisha dunia namna ya kuutumia uzito wa mtoto kama habari ya kijiji kizima. Hata hivyo, vifaa vya wakati huo vilibuniwa ili kubaini upungufu. Leo, wakati kisukari na uzito uliozidi vinapotajwa miongoni mwa vijana balehe, swali limegeuka: si tena kama mwili umepungua, bali una mafuta kiasi gani, na mafuta hayo yamekaa wapi. Ni muhimu kufuatilia jinsi swali la kwanza lilivyojibiwa katika nyanda hizi, kwa sababu humo ndimo linamopatikana somo ambalo mashine za kisasa, pamoja na usahihi wake, haziwezi kulitoa.

Elimu ya kupima lishe katika Afrika Mashariki ilikulia hospitalini kabla ya kufika vijijini. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell na wenzake walitumia miaka mingi kuchunguza kwashakoo, yaani utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na kubadilisha rangi ya nywele na ngozi yake. Uvimbe huo ulidhihirisha mapema kasoro ya mizani, kwa kuwa maji yaliyojaa mwilini huongeza uzito wa mtoto anayedhoofika. Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere, aliandika mwongozo uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966, akaeleza jinsi ya kupima lishe ya jamii kwa uzito, urefu, mzingo wa mkono na unene wa mkunjo wa ngozi. Wakati huohuo David Morley, kutokana na kazi yake nchini Nigeria, alieneza kadi ya ukuaji ambayo mama hukaa nayo nyumbani, na ambayo huonyesha kwa mstari kama mtoto anapanda, amesimama au anashuka.

Tanzania iliipokea elimu hiyo ikiwa na chombo chake chenyewe. Sheria ya mwaka 1973 iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na miaka kumi baadaye serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa pamoja wa lishe katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa wa wakati huo. Wasomi waliukumbuka mpango huo kwa jina la mkoa, na kiini chake kilikuwa siku ya afya ya kijiji, ambapo watoto wote walio chini ya miaka mitano walipimwa mara nne kwa mwaka. Mtoto aliwekwa kwenye mizani ya kuning'iniza, uzito wake ukatiwa alama kwenye kadi, na alama hiyo ikaangukia kwenye kijani, kijivu au nyekundu. Nyekundu ilimaanisha kwamba uzito haukufika asilimia 60 ya ule uliotarajiwa kwa umri wake.

Jambo jipya lilitokea baada ya kupima. Idadi ya watoto wa kila rangi ilipelekwa kwenye serikali ya kijiji, na wanakijiji walitakiwa kupita hatua tatu ambazo zilirudiwa kila robo mwaka: kutathmini hali, kuchambua sababu zake, na kuchukua hatua kwa uwezo uliopo. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba mara nyingi chanzo hakikuwa ghala tupu. Katika nchi ya mahindi na viazi, mtoto mdogo angeweza kudhoofika kwa sababu alilishwa mara mbili tu kwa siku, kwa sababu uji wake ulikuwa mwingi kwa ujazo na haba kwa nguvu, au kwa sababu mama alikuwa shambani tangu alfajiri hadi jioni. Ndiyo maana hatua zilizochukuliwa zilihusu vituo vya kulishia watoto, matumizi ya kimea kinacholainisha uji mzito, mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji na mjadala wa wazi kuhusu mzigo wa kazi wa wanawake. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika eneo la mpango walishuka kutoka takriban 56% hadi chini ya 40%, na wenye upungufu mkali kutoka takriban 6% hadi chini ya 2%. Mwaka 1990 UNICEF ilitoa mkakati wa lishe uliojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya uzoefu huo, ukitenganisha sababu za karibu, za kati na za msingi, na mpangilio huo ungali unafundishwa vyuoni.

Upimaji wa mafuta ya mwili ulipita njia nyingine kabisa. Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika karne ya 19, aliona kwamba uzito wa watu wazima huelekea kulingana na kipeo cha pili cha urefu wao, na mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys aliupa jina linalotumika hadi sasa uwiano huo, ambao hupatikana kwa kugawa kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe. Uwiano huu ni rahisi, lakini hautofautishi msuli, mfupa, maji na mafuta. Miaka ya 1940 watafiti wa Marekani walianza kumpima mtu akiwa amezamishwa majini, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji ilhali msuli ni mzito. Baadaye wengine walitumia koleo maalumu kushika mikunjo ya ngozi mgongoni na mkononi, wengine umeme hafifu ambao hupita kwa urahisi penye maji na kuzuiwa na mafuta, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine ya eksirei za nguvu mbili tofauti, ambayo hutenganisha mfupa, mafuta na tishu nyinginezo. Mfaransa Jean Vague alikwisha kueleza mwaka 1947 kwamba mahali mafuta yanapokaa ni jambo zito kama wingi wake: yale ya tumboni ndiyo yanayofuatana zaidi na kisukari, kwa kuwa huambatana na mwili kuacha kuitikia vyema insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari kwenye chembehai.

Nchini Tanzania kisukari kiliwahi kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa wachache. Uchunguzi ulioongozwa na Donald McLarty wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 1989 baada ya kuwapima watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika vijiji sita, ulikuta kisukari kwa 0.87% tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, ambao mbinu na umri wa waliopimwa vilitofautiana na vya ule wa awali, ulikuta 9.1% miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Kwa vijana tofauti ya aina za kisukari ni ya lazima kuelewa. Aina ya kwanza hutokea kongosho linapoharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, na kijana asiyetibiwa hukonda haraka. Aina ya pili hufuatana na uzito uliozidi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ya watu wazima pekee. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012, lililowahusisha vijana 699 wenye kisukari cha aina ya pili, wa miaka 10 hadi 17 na wenye uzito uliozidi, lilionyesha kwamba karibu nusu yao walishindwa kudhibiti sukari licha ya matibabu.

Kumpima mafuta kijana wa namna hiyo ni kazi ngumu hata penye vifaa. Balehe hubadilisha uwiano wa msuli na mafuta, kwa namna tofauti kwa wavulana na wasichana, na yenyewe hupunguza kwa muda mwitikio wa mwili kwa insulini; hivyo namba ya uwiano wa uzito na urefu inayomfaa mtu mzima, kama 25 au 30, haimfai mtoto wa miaka 13, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 viwango vya rejea vya miaka 5 hadi 19 vinavyozingatia umri na jinsi.

Katika Njombe kuna ugumu mwingine unaotokana na historia yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu, yaani urefu mdogo kuliko unaostahili umri, kwa takriban nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani humu, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 30%. Mizani ya miaka ya 1980 ilimwona mtoto aliyepungukiwa uzito. Haikuweza kumtenga aliyekuwa mfupi na bado mnene kiasi. Nadharia iliyotolewa mwaka 1992 na Hales na Barker inasema kwamba mwili uliobanwa na uhaba tumboni mwa mama na utotoni hujipanga kwa uhaba, kisha hupata shida unapokutana na wingi. Nadharia hiyo inazihusu moja kwa moja nyanda ambako udumavu umedumu kwa vizazi, ilhali barabara kuu na reli zinazopita mji wa Makambako huleta vyakula na vinywaji vyenye sukari.

Ni makosa kuhitimisha kwamba Igwachanya haina la kufanya mpaka ipate mashine ya eksirei. Mzingo wa kiuno ukilinganishwa na urefu hutoa ishara ya mafuta ya tumboni, na kiuno kinachozidi nusu ya urefu ni onyo linalotosha kumwelekeza kijana kwenye kipimo cha sukari. Kazi hiyo inahitaji utepe tu, pamoja na mhudumu aliyefundishwa kuushika mahali palepale kila mara na kuheshimu faragha ya kijana. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tayari ipo, lakini humhusu hasa mtoto mdogo na mama yake. Kijana wa shule ya sekondari hana kadi, hana siku yake, na aghalabu hupimwa akiwa tayari mgonjwa. Uzoefu wa miaka ya 1980 unadokeza kwamba kipimo rahisi kinachorudiwa, kikaeleweka na wazazi, na kufuatwa na uamuzi juu ya chakula, kazi na huduma, huokoa wengi zaidi kuliko kipimo kamili kinachobaki kwenye jalada. Haki ileile aliyopewa mtoto wa chini ya miaka mitano, ya kuonekana mapema na kushughulikiwa na kijiji chake, inastahili kumfikia ndugu yake aliyebalehe.