Herufi moja, namba tano: yaliyowakuta Warusi

Wadau, leo ni historia, ila msikimbie! Ni historia ya zile alama za ajabu ajabu unazokutana nazo kwenye programu iliyotafsiriwa.

Mambo yalianza na ASCII, Marekani, 1963. Nafasi 128 tu. Ziliwatosha Wamarekani (Mwingereza hata alama ya pauni yake haikuwemo). Mrusi je, mwenye herufi 33, kubwa na ndogo? Basi kila mtu akajipangia zake. Watu wa Unix wakashika KOI8-R, DOS ikawa na 866, Windows ikaja na 1251, Macintosh na ya kwake, halafu shirika la viwango ISO nalo likaleta 8859-5. Misimbo mitano, lugha moja!

KOI8 mimi naipa heko. Waliipanga kijanja: biti ya nane ikipotea njiani, na barua pepe za zamani zilikuwa zinaipoteza kweli, Привет inabaki pRIWET. Inasomeka! Lakini chukua Привет ya Windows uisome kama KOI8, unapata оПХБЕР. Hapo hata Mrusi mwenyewe anashika kichwa. Uchafu huo wameupa jina kabisa, krakozyabry.

Kasheshe yenyewe iko kwenye ujumbe wa programu. Windows ya Kirusi, ndani ya mashine moja, ilitumia 1251 kwenye madirisha na 866 kwenye ule ubao mweusi wa kuandikia amri. Yaani mfasiri kafanya kazi safi, dirishani unasoma vizuri, kwenye ubao wa amri inatoka ╧ЁштхЄ. Sasa fikiria ujumbe wenyewe unauliza kama mafaili yote yafutwe, na wewe unasubiriwa ubonyeze herufi moja tu...

Gettext ya mradi wa GNU ikaja na njia ya busara: faili la tafsiri linataja mwanzoni limeandikwa kwa msimbo gani, kisha ujumbe unageuzwa kufuata msimbo wa mashine inayouonyesha. Mfasiri anaandika mara moja tu. UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ndiyo iliyokuja kutawala.

Sisi Kiswahili chetu kinaenea kwenye ASCII, ndo maana wengi hatujali. Ila kuna ng'ombe. Andika ile koma ya juu iliyopinda kwa UTF-8, mashine iisome kwa msimbo wa Windows wa Ulaya Magharibi, anatoka ngâ€™ombe. Huyo nadhani mmeshakutana naye.